Nusu ya Nyumba Ugenini

Mshona mapazia alipostaafu, yeye na mumewe, fundi redio, walifunga virago wakahamia nchi ya mbali yenye hewa kavu. Kifua cha mzee kilikuwa kimechoshwa na unyevu wa kwao; huko ugenini alilala kama mtoto mchanga. Wakanunua nyumba ndogo mtaa wa mlimani: vyumba viwili, jiko jembamba la kupishana kwa kubana tumbo, na roshani iliyotazama mapaa ya watu. Kila mwaka walipanga foleni uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi, maana kuwa na nyumba hakukuwapa ruhusa ya kulala ndani yake. Fundi redio alimtania karani kwa lugha yake ya kuokoteza mpaka karani akacheka, wakarudi nyumbani wameridhika.

Kisha mzee akafariki, usingizini, bila kumsumbua mtu. Akazikwa huko huko, kama alivyotaka. Mwanawe wa pekee, dereva wa lori, aliyezaliwa na mke wa kwanza, hakuwahi. Visa yake ilitoka maziko yameshapita.

Majonzi yalipopoa, mjane akaenda kwa wakili ili nyumba iandikwe kwa jina lake. Wakili, mama mpole aliyesema polepole ili mgeni amfuate, akatikisa kichwa.

"Kwa sheria ya hapa, sehemu ya mumeo inakwenda kwa mtoto wake. Nusu ya nyumba ni ya kijana. Na akitaka iuzwe, mahakama inaweza kumkubalia."

Mjane alikusanya karatasi zake akarudi nyumbani. Tangu aolewe, kijana yule alikuwa akimsalimia kama anavyosalimia askari wa barabarani: kwa ufupi, huku akitazama kwingine. Hata hivyo alipiga moyo konde akampigia simu, akamweleza yote bila kuficha.

"Nitakuja, mama mdogo," dereva akasema, akakata.

Alifika na begi moja begani. Mjane akampakulia chakula. Akala, akitupa macho huku na huko, kutani, darini, madirishani. Anapima bei, mjane akawaza.

Walipomaliza, dereva akasimama mbele ya mashine ya kupumulia iliyokuwa bado pembeni ya kitanda.

"Hii ya nini?"

"Ya baba yako. Ya usiku, kabla hajapata nafuu. Mwaka wa mwisho hakuihitaji."

"Mbona hakuniambia anaumwa?"

"Alikuwa akikwambia kifua kinamsumbua kidogo. Si unajua kidogo yake? Hata akiwa hoi ni kidogo."

Dereva akaketi kitandani taratibu. "Miaka yote hii nilidhani wewe ndiye uliyemvuta huku. Kwamba ulitaka awe wako peke yako."

"Mimi?" Mjane akacheka, machozi yakimlengalenga. "Mimi nililia wiki nzima! Sikujua hata kuuliza bei ya vitunguu. Yeye ndiye aliyekuja akapumua, akasema, hapa hapa."

Dereva akajifuta uso kwa kiganja. Mjane akaona asipolisema lile neno sasa, halitasemwa tena.

"Ni haki yako, baba. Ukitaka tuuze, tutauza. Mimi nitatafuta pa kujibanza."

"Tuuze, halafu nikija kumtembelea baba makaburini nifikie wapi? Hotelini?" Akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu afike. "Na wewe nikukute wapi?"

Mjane alikwenda jikoni akajifanya anaosha vikombe.

Asubuhi wakateremka kwa wakili. Ikaandikwa kwamba mama ataishi humo maisha yake yote, na hakuna wa kumtoa. Wakili akataka kujua kama dereva ameelewa. "Mwambie nimeelewa," akamwambia mjane, "na umuulize kodi ya jengo hulipwa serikalini kila lini, tusije tukafukuzwa wote wawili." Mjane akatafsiri kwa lugha ya kuokoteza, na wakili akacheka.

Likizo ya shule ilipofika, dereva alirudi na mkewe na wanawe wawili. Nyumba ikajaa, viatu vikazagaa mlangoni, foleni ya bafu ikawa ndefu kuliko ya uhamiaji. Wajukuu walilalama kwamba hakuna anayewaelewa, kisha wakashuka uani kucheza na watoto wa jirani, na hawakuonekana tena mpaka njaa ilipowauma. Mkamwana akaanza kupima madirisha kwa futi, akitaka bibi amfundishe kushona pazia lenye marinda.

"Kaa hapa basi," mjane akamwambia, akamsogezea kiti karibu na cherehani.