Mdomo wa Birika

Siku ya nne birika lilikuwa bado mezani, mdomo wake umelala kando. Fundi aliliangusha mwenyewe akilifuta vumbi, na tangu hapo kazi yake ikawa kulizunguka. Kiwiliwili ni shaba nyekundu, mdomo ni shaba ya njano. Lilikuwa birika la mkewe, na huu ulikuwa mwaka wa pili mkewe yuko kwa binti yao, analea wajukuu.

Jirani yake mchomeleaji alichungulia mlangoni, akamuuliza kama birika lile analiunga au analiposa. Akajitolea kuleta gesi yake, dakika tano kazi imekwisha. Fundi akamwambia ashike lake.

Njia zote alizijua. Lehemu ya bati ingeshika, lakini birika likisahaulika motoni maji yakakauka, mdomo ungedondoka tena. Kilichofaa ni kuunga kwa kijiti cha fedha, nacho kinataka moto mkali ndipo kiyeyuke. Gesi mtu huitumia peke yake, ila ulimi wake huchoma mahali pamoja. Shaba nyekundu huutawanya moto mwili mzima. Ile ya njano, nyembamba kama ganda la yai, ingeyeyuka kabla mwenzake hajapata joto. Jiko la mkaa hupasha vyote pamoja, taratibu. Lakini linataka watu wawili: mmoja ashike kijiti, mwingine avukute, aupulizie moto upepo kwa mivukuto ya ngozi. Miaka ishirini mvukutaji wake alikuwa mmoja tu, aliyejua kupunguza upepo bila kuambiwa.

Saa kumi akapiga simu. Akauliza hali za wajukuu, mmoja mmoja, kisha akauliza: gesi au mkaa?

Mkewe akamkumbusha kwamba hayo yote ni fundi aliyemfundisha. Tangu lini fundi akamuuliza mvukutaji?

"Nauliza tu."

"Baba watoto, sema unachotaka."

Maneno matamu hakuwahi kuyaweza. Hata siku ya posa alisemewa na kaka yake.

"Njoo uvukute," akasema.

Akamsikia akicheka, kile kicheko chake cha puani kilichokuwa kikifungua karakana kila asubuhi. Mivukuto yenyewe, mkewe akasema, si ililiwa na panya? Atavukuta nini, matundu?

"Nimeishona juzi. Ngozi mpya."

Upande wa pili mtoto alilia, akabembelezwa, akatulia. Fundi alisubiri, kidole gumba kikipapasa ule mdomo uliovunjika.

"Gesi usiiguse," akasema mkewe. "Mkaa uanike. Jumamosi nakuja."