Mtoto wa Sponji

Mtoto huyo alikuwa na uzito wa kilo kumi na mbili na gramu mia mbili, sawasawa na Breki, kitinda mimba wa nyumba hiyo, na alishonwa kwa siku tatu. Baba Pacha, fundi makochi, aliombwa na mkewe atengeneze kitu rahisi tu cha kupimia mkondo wa bahari: mfuko wa sponji wenye mikono na miguu, kwa sababu maji hayasukumi mwili wenye viungo kama yanavyosukuma gogo. Lakini fundi ni fundi. Alimwekea magoti yanayokunjika, makalio, masikio mawili, na macho ya vifungo vyeusi vya kochi. Miguuni alishindilia mifuko ya mchanga mpaka mizani ikakubali.

"Pua ya nini?" mkewe aliuliza alipoingia karakanani.

"Mtoto asiye na pua utampeleka wapi?"

Mama Pacha alikuwa mtaalamu wa maabara katika idara ya maji. Kazini alipima tope, chumvi na vijidudu, na hakuamini jambo lolote lisilo na namba. Nyumbani alikuwa na watoto watatu: pacha wa kike wa miaka minne, na mdogo wao wa miaka miwili, ambaye kila mtu alimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo. Mwaka uliopita, siku ya kwanza ya likizo, wimbi moja liliwafunika pacha kwa sekunde tatu. Waliibuka wakicheka. Mama yao hakucheka. Jioni hiyohiyo alifunga mabegi, na siku sita zilizobaki watoto waliogelea uani, ndani ya karai la kufulia.

Mwaka huu likizo ingeanza Jumamosi. Baba Pacha alikuwa amewaahidi watoto bahari bila kumuuliza mtu, na tangu siku hiyo pacha walikuwa wakila chakula wamevaa miwani ya kuogelea. Mapatano ya wazazi yalikuwa haya: Jumapili iliyotangulia, watoto wakiwa kwa bibi yao, wao wawili wangekwenda kukagua fukwe tatu. Ukifaulu mmoja, familia inakwenda. Usipofaulu hata mmoja, ni karai tena, na bahari isitajwe mpaka Breki afike darasa la tano.

"Darasa la tano! Si nitakuwa nimeshazeeka?"

"Utakuwa na miaka arobaini na minne," alisema Mama Pacha.

Kwenye pikapu ya kubebea makochi walipakia rula ya mbao ya mita mbili, kamba, machungwa sita, saa ya kuhesabia sekunde na daftari. Mtoto wa sponji alivishwa fulana ya njano ya Breki ili aonekane kwa mbali. Kofia aliiongeza Baba Pacha, bila sababu yoyote ya kisayansi, kisha akamfunga mkanda wa kiti.

Ufukwe wa kwanza ulikuwa mbele ya hoteli: mchanga mweupe uliopigwa reki, maji ya kijani yasiyo na wimbi. Baba Pacha aliingia na rula, akitangaza kina kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari.

"Hatua ya kwanza, kifundo cha mguu! Hatua ya pili, ugoko! Hatua ya tatu, goti! Hatua ya nne..."

Hatua ya nne haikutangazwa. Kilichobaki juu ya maji kilikuwa rula na mkono mmoja.

Mama Pacha aliandika: *Hatua ya nne, mume mzima.* Alipomwona akiibuka, anatema maji na bado ameinua rula kama bendera, ilimbidi ageuke kidogo afiche kicheko.

"Umeanguka," alisema.

"Nimeona. Nilikuwepo."

Ufukwe wa pili ulikuwa karibu na mdomo wa mto. Maji yalikuwa yametulia tuli, na Baba Pacha alianza kuchagua mahali pa kutandika mkeka. Mkewe alirusha chungwa. Lilielea palepale kwa muda, kama linafikiri, kisha likaanza kwenda kando, polepole, halafu kwa kasi, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Baba Pacha alikimbia nalo sambamba ufukweni, akipunga mkono.

"Haya, safari njema! Wasalimie huko!"

"Mita kumi na nne kwa sekunde ishirini," alisema Mama Pacha. "Mto unavuta. Maji yakinyamaza juu hayajasema lolote kuhusu chini."

"Machungwa mangapi yamebaki?"

"Matano."

"Basi nile moja. Nina huzuni."

Alilila, na hakuonekana kuwa na huzuni hata kidogo. Wote wawili hawakuwa wametoka bila watoto kwa muda wa miaka minne na miezi miwili. Hakuna aliyelia garini. Hakuna aliyemwaga juisi, isipokuwa Baba Pacha. Walipofika ufukwe wa tatu walikuwa wakicheka kwa sababu ambazo hakuna kati yao aliyeweza kuzieleza.

Wa tatu ulikuwa hori dogo la bahari lililozibwa na ukuta wa mawe, na pengo moja tu upande wa kulia ambapo bahari iliingia. Mama Pacha alipima. Hatua arobaini kutoka ufukweni, maji yalikuwa bado hayajafika gotini. Mawimbi yalikuwa ya sentimita tisa. Chungwa lilizunguka kidogo na kurudi miguuni pake. Kivuli kilikuwepo, choo kilikuwepo, na choo kilikuwa na maji.

Ili kukagua sakafu ya bahari walitembea kwa magoti, bega kwa bega, kwa sababu mtu mwenye urefu wa sentimita themanini na tano haoni anachokiona mtu mzima.

"Jiwe?" aliuliza mke.

"Hakuna."

"Kioo?"

"Hakuna. Kuna kaa mmoja, ananitazama vibaya." Akamrushia mkewe maji.

"Hilo halimo kwenye orodha."

"Liongeze."

Alimrudishia kwa mikono miwili, mara tatu, kwa usahihi mkubwa.

Lilibaki jambo moja. Juu ya kiti kirefu cha mbao, mita thelathini kutoka majini, aliketi mwokoaji: mwanamume mnene mwenye miwani nyeusi ya jua, ambaye hakuwa ametikisika tangu walipofika. Mama Pacha alimwendea, huku maji yakimtiririka.

"Habari za kazi, kaka. Ukiona mtoto anazama, unamfikia kwa muda gani?"

"Haraka."

"Haraka ni sekunde ngapi?"

"Haraka, mama."

Alirudi na kuandika: *Haraka. Si kipimo.* Kisha akakaa mchangani, na ile furaha ya asubuhi ikamtoka usoni.

"Umefaulu, si ndiyo?" aliuliza mumewe. "Sema umefaulu."

"Sijui kama yuko macho. Kila kitu hapa nimekipima isipokuwa yeye, na mtu wa kazi yake ndiye niliyemkosa mwaka jana. Sekunde zile tatu hakuja mtu."

"Si ungepiga kelele, tuone?"

"Nimdanganye mtu aliye kazini kwamba mtoto anakufa? Hilo halifanywi." Alifunga daftari. "Tupime pengo, twende zetu."

Baba Pacha hakutania tena. Alimfunga mtoto wa sponji kamba kiunoni, akaenda naye karibu na pengo, akamwachia. Mkewe, ukingoni, alibonyeza saa. Mtoto alielea vizuri, kichwa juu, kofia imekaa. Halafu kamba iliyolowa ikateleza kwenye kidole cha fundi, fundo likafunguka, na yule mtoto wa siku tatu akaanza kuondoka zake.

"Breki!" Baba Pacha alipiga yowe, kwa uchungu wa kweli wa fundi. "Breki, rudi hapa!"

Chini ya mwavuli, mwanamke mmoja aliyekuwa akifuma sweta aliinua kichwa. Aliona fulana ya njano, kofia, na mikono miwili midogo ikipanda na kushuka.

"Mtoto! Jamani, mtoto!"

Kiti kirefu kilikuwa kitupu. Mama Pacha hakumwona mwokoaji akishuka. Alichokiona ni mwili mkubwa ukipita mbele yake, mchanga ukiruka, kisha maji yakipasuka. Kidole chake chenyewe kilibonyeza saa na kuanza upya.

"Siyo mtoto!" Baba Pacha alipaza sauti, akizama na kuibuka, kicheko kikimkaba. "Ni sponji, kaka! Sponji!"

"Tulia, mzee!" mwokoaji alijibu bila kupunguza kasi. "Mtoto wako nimeshampata!"

Alimshika kwa nyuma, akauweka uso juu ya maji, kama inavyotakiwa. Kisha uso ukamtazama kwa vifungo viwili vya kochi.

Watu wote waliokuwa ufukweni walisimama kutazama. Mwokoaji alisimama, maji yakimfikia kifuani, akambonyeza mtoto tumbo. Mtoto alitoa maji kwa masikio yote mawili.

Yule wa sweta ndiye aliyeanza kucheka. Baada yake hakuna aliyeweza kujizuia, isipokuwa mwokoaji, aliyetoka majini amembeba mgonjwa wake kwapani.

"Nani mwenye hii?"

"Ni yetu," alisema Mama Pacha. "Nisamehe. Nilikuwa napima mkondo wa maji pale penye pengo. Kamba imetuponyoka. Sikukusudia kukuita."

"Moyo wangu umesimama, mama! Mnanipima mimi?"

"Hapana. Kukupima kungekuwa kosa. Imetokea tu." Aliitazama saa, akaitazama tena. "Lakini saa ilikuwa mkononi."

Mwokoaji alimtazama kwa ukali. Alitazama kando.

"Nimepata ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Kwa mia?"

"Sekunde. Kutoka mchangani hadi kumshika."

"Ishirini na tatu ni nyingi." Alivua miwani, na macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi na yako wazi kabisa. "Mzee wako amenichanganya na mambo yake ya sponji. Mrudisheni majini."

"Nani?"

"Huyo mwenye pua. Mrudisheni! Mimi sitaki kuandikwa ishirini na tatu."

Safari hii Baba Pacha alimrusha kwa heshima zote, na ufukwe mzima ulihesabu kwa sauti, watoto wakiruka, yule wa sweta akipiga sindano zake pamoja. Sekunde kumi na tisa. Mwokoaji alimwinua mtoto wa sponji juu ya kichwa, watu wakashangilia, na Mama Pacha alijikuta anacheka mpaka akapiga magoti mchangani, mkono umeshika mbavu. Mumewe alipomkaribia kumwinua, hakuinuka. Alimvuta, akaanguka naye.

Mama Pacha aliandika namba hiyo akiwa amelala kifudifudi. Kisha aliinua kichwa.

"Kaka, siku yako ya mapumziko ni ipi?"

"Jumanne. Anakuja mwenzangu. Yule hajapimwa."

Mama Pacha alimpigia mama mkwe. Simu ilipokewa na pumzi mbili zilizokuwa zikinyang'anyana.

"Mama! Mama, tunaenda?"

Baba Pacha alimtazama mkewe usoni, hapumui.

"Tunaenda," alisema Mama Pacha. "Siku zote isipokuwa Jumanne. Jumanne mtacheza mchangani."

"Jumanne kuna nini?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Kelele zilizotoka kwenye simu zilikuwa kubwa kiasi kwamba, kule juu ya kiti chake kirefu alikokwisha kurudi, mwokoaji aligeuka kutazama ni nani anayeita.