Magoti ya Murugi

Katika Gatitu yote hakuna aliyekuwa mnyenyekevu kama Murugi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia watu hivyo, tena sokoni, tena kwa sauti, kisha anajipiga kofi mdomoni na kucheka, maana alikuwa ameshasikia lilivyotoka.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Magoti yake yalikuwa na zaidi.

Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, akakitandika kila Jumapili, kisha akapiga magoti mbele ya meza kunyoosha pindo za chini kwa kiganja. Hakuna aliyemlipa. Lakini ukimwambia achague kati ya kitambaa hicho na ng'ombe wake wa maziwa, ng'ombe angeanza kufungasha virago.

Sasa Pasta Khisa, kijana wa Webuye aliyeletwa hapo mwaka juzi, alikuwa ametoa agizo: wenye miaka sabini kwenda juu waombe wakiwa wameketi. "Na kama kuna mwenye kazi ya kupiga magoti, na magoti yamekataa," aliongeza kwa upole, "aniambie tu. Yule msichana wetu wa kwaya, Nyawira, atamsaidia." Alisema hivyo akiangalia dirishani, na Murugi akajua kwamba ni yeye aliyeangaliwa.

Kwa hivyo Jumapili iliyofuata pasta aliposema tuombe, wazee wote wakabaki vitini, na Murugi akashuka. Chini kabisa, kwenye saruji, peke yake, mbele ya kanisa zima. Akasikia mtu nyuma akisema, "Aai, ona huyo mama!" Roho yake ikanenepa.

Amina ikaja. Watu wakasimama kuimba. Murugi akaliambia goti la kulia liinuke. Goti la kulia likamwambia aulize la kushoto.

Akashika kiti. Kilikuwa cha plastiki. Kikateleza kikamkimbia kama mbuzi aliyeona kisu. Akafumba macho upesi na kuinua mikono juu, ili ionekane ni Roho.

"Wee Murugi," akanong'ona Kabura, rika lake, aliyeketi kando. Hawa wawili walikuwa wakishindana tangu darasa la kwanza. "Inuka, tunaimba."

"Niache. Niko na Bwana."

"Bwana gani, na pasta amesema tukae kwa kiti?"

"Wewe kaa. Wengine tumejinyenyekeza."

"Ati nini? Haya. Jinyenyekeze mpaka jioni basi."

Ukaja wimbo wa pili, yakaja matangazo, na matangazo ya kanisa hilo ni marefu kuliko barabara ya kwenda Kangema. Ulikuwa mwezi wa saba, na saruji ya Nyeri mwezi wa saba ni ndugu ya barafu. Baridi ikapanda, ganzi ikafuata, na vile vikombe viwili vya chai ya asubuhi vikaanza kubisha hodi kutaka kutoka.

Mahubiri yalikuwa ya utii. Pasta alieleza jinsi mtu anavyoweza kumtolea Mungu kila kitu isipokuwa kile kimoja alichoombwa. Murugi akaitikia kwa kichwa. Kichwa ndicho pekee kilichokuwa bado kinamsikia.

Shiro, msichana wa kurusha ibada mtandaoni, akachuchumaa na simu mbele ya bibi huyo. "Shosho, watu wanakomenti, wanasema wanabarikiwa sana! Hata wa Dubai. Usiinuke, endelea tu."

Usiinuke! Murugi alitamani kulia. Mkono wa mtu mmoja tu ungemtoa pale. Lakini mkono huohuo ungeondoka na kitambaa, na Jumapili ijayo Nyawira ndiye angekuwa pale mbele akinyoosha pindo, naye Murugi ameketi na Kabura kama mizigo miwili inayosubiri gari. Akauma meno. Akabaki.

Ibada ikaisha. Watu wakatoka kwenda kunywa chai. Viatu vikapita kando yake, vingine vikinyata kwa heshima, mpaka kanisa likabaki kimya. Kisha viatu vya pasta vikarudi.

"Shosho, tumemaliza."

"Najua."

"Mandazi yanaisha huko nje."

"Nenda tu, mwanangu. Mimi bado sijaachiliwa."

"Nani amekushika?"

"Bwana."

Pasta Khisa akapiga magoti kando yake, bila kushika chochote, bila hata kuguna, na hilo likamuuma Murugi kuliko saruji. "Karibu masaa mawili, Shosho. Hebu niambie, tuombe pamoja. Unaombea nini?"

Murugi akatafuta haraka kitu kikubwa, kitu ambacho mchungaji hawezi kukikatiza.

"Namwombea mama yako," akasema, macho yamefumbwa. "Nimesikia moyoni ni mgonjwa, hapo Webuye. Nimeambiwa nisiinuke mpaka apone."

Nje, vikombe viligongana na mtu akacheka.

"Mama tulimzika Disemba, Shosho," akasema polepole. "Ulikuja na basi ya akina mama. Si wewe ndiye ulishika maikrofoni ukaomba pale kaburini?"

Murugi akafumbua jicho moja. Pasta hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anayatazama magoti yaliyokataa.