Bwawa la Ellmere

Hester Pownall alikuwa akimenya viazi kengele ya wajakazi ilipolia kule kilimani, ambako hapakuwa tena na kengele wala wajakazi. Jumba la Ellmere lilibomolewa baada ya vita, matofali yake yakatandikwa chini ya barabara kuu. Lakini kila Alhamisi alasiri jumba hurudi, na mwana wa mfalme huja kunywa chai, ingawa naye ni marehemu wa siku nyingi.

Hester akafunga aproni. Mumewe, Reuben, hakuinua macho gazetini.

"Leo utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Wiki jana ulisema hivyo hivyo, bibie. Ukarudi na keki mfukoni."

"Na nani aliyeila?"

Alichotaka kusema kilikuwa kidogo. Zamani mwana wa mfalme alitamani kuwapiga bata risasi bila kutoka dirishani, basi mwenye jumba akauelekeza mto bondeni, pakawa bwawa. Kanisa likazama na makaburi yake, mama yake Hester akiwa humo. Iliahidiwa kwamba mifupa ingehamishwa. Ikahamishwa ya wakubwa. Jumba likafa, bwawa likabaki. Sasa Hester alikuwa mzee, na alitaka kuzikwa ubavuni mwa mama yake, pakavu. Aliamini kwamba neno moja la mwana wa mfalme lingefungua lango la maji, bwawa likauke.

Akapanda ngazi za nyuma za jumba. Bi Lovage, msimamizi wa wajakazi, aliyekufa kwa kifua kikuu, akamkagua kucha.

"Umechelewa, Hester."

"Ni magoti, Bi Lovage."

"Magoti ni yako. Saa ni ya jumba."

Viatu vikasikika ukumbini. Pale Ellmere mjakazi hakupaswa kuonwa na mgeni wa kifalme. Kila alipomsikia, ilimbidi ageukie ukuta na kunyamaza mpaka apite. Hester alikuwa na maneno yake mdomoni, ameyakariri tangu asubuhi. Viatu vikakaribia. Mazoea yana taabu: shingo ikageuka yenyewe. Wote, wazima na wafu, wakatazama ukuta, na mwana wa mfalme akapita akipiga mluzi.

Hester alimchukia, akajichukia zaidi.

Chai ilipokwisha jumba likaondoka, na ukuta nao. Akabaki amesimama kwenye nyasi, mikono ameifumbata, ana kwa ana na bwawa. Bata walikuwa wengi. Hakuthubutu kugeuka mpaka alipohakikisha kwamba viatu havisikiki tena.