Mzee Wake Nani

Mgeni aliingia darasani kwangu pale Mlali akiwa ameziba sikio kwa jani la mgomba, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Watoto wakanyamaza katikati ya wimbo. Alikuwa na umri wa baba yangu, lakini alinipigia goti.

“Shikamoo, mwalimu. Nataka kulipa kodi.”

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kwetu Uluguru watu waliikimbia kodi. Tarishi wa serikali akionekana chini, wanaume hupanda msituni.

Ilikuwa mwaka 1948. Nilikuwa na miezi minne tangu nimalize chuo cha ualimu, nami niliamini kwamba karatasi iliyoandikwa vizuri inaweza kumlinda mtu yeyote.

Aliitwa Salehe, Mmakua wa upande wa Mreno. Miaka mitatu alikata mkonge kwenye shamba moja huko bondeni. Nyapara wao, Pazi, aliwalipia wageni kodi kwa kuwakata mshahara, kisha akazifungia stakabadhi zao sandukuni. Mgeni asiye na stakabadhi angeweza kukamatwa njiani na tarishi yeyote akarudishwa shambani. Mkataba wa Salehe uliisha. Alipodai stakabadhi yake, Pazi alimpiga kwa ubapa wa panga.

“Ubapa ukageuka,” alisema, kana kwamba anamtetea. “Nikilipa mwenyewe, mwalimu, nitakwenda kwetu kwa miguu yangu.”

Karani wa baraza alikuwa na homa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia mndewa, mkuu wa eneo letu. Nikafungua kitabu cha stakabadhi. Chini ya jina palikuwa pamechapwa: *Mzee wake*.

“Mzee wako nani?”

“Nampoto.”

“Ndugu wa mama?”

“Ndiye. Aliyenilea, aliyeniozesha.”

Nikaandika Nampoto bila kusita. Kwetu Waluguru lukolo, yaani ukoo, hushuka kwa mama, na mwenye mtu ni mjomba. Wamakua nao ni hivyo hivyo. Tulitazamana kwa furaha ya watu waliogundua kuwa ni ndugu. Hakuna aliyekumbuka kwamba serikali ikisema mzee, inamtaka baba.

Siku ya gulio, mbele yangu, Pazi alimkuta Salehe akinunua chumvi ya safari kwenye duka la Badrudin. Alikuja na matarishi wawili. Salehe akatoa stakabadhi yake, akaishika juu kwa mikono miwili. Pazi akamsomea tarishi kutoka daftari la shamba: Salehe, mzee wake Abdala.

“Hii inasema Nampoto! Umeiba stakabadhi ya mtu, mbwa we!”

“Nampoto ni mjomba wangu...”

“Mjomba alilala na mama yako?”

Watu walicheka. Kisha wakaacha. Walimpigisha magoti, wakamfunga mikono chini ya nguzo ya baraza ya duka, wakamchapa kiboko mpaka shati likashikana na nyama, na Pazi akamkanyaga mkono aliokuwa ameufumbia stakabadhi hadi tukasikia mfupa ukivunjika. Nilijirusha kati yao. Rungu liliniangusha; nilipoinuka, damu yangu na chumvi yake vilikuwa mdomoni mwangu.

Usiku ule nilimpelekea maji mahabusu. Meno yake ya mbele hayakuwepo.

“Mwalimu,” alisema taratibu, “kesho wakikuuliza, usiseme nilikudanganya. Hilo tu. Mengine nitayavumilia.”

“Sitasema.”

Asubuhi mndewa alinivuta pembeni mwa ofisi ya bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, mjini Morogoro.

“Mwanangu, sema alikudanganya. Ukisema kosa ni lako, hiyo ni karatasi ya serikali umeiharibu. Shule basi. Na kiboko juu. Mama yako amekusomesha kwa kubeba ndizi kichwani toka Mgeta, umesahau?”

Sikusahau. Hata sasa, miaka minane baadaye, nikiwa napalilia kabichi za mama, sijasahau.

Salehe aliletwa amefungwa kamba, ameshikiliwa kwapani. Pazi alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa kofia mpya. Bwana shauri aligeuza stakabadhi huku na huku, akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole:

“Mtu huyu alikudanganya jina?”

Mndewa alinitazama miguuni.

“Hapana, bwana,” nilisema. “Aliniambia kweli. Kosa ni langu mimi niliyeandika.”

Walimfungua Salehe kwanza. Halafu tarishi akaniambia nivue shati.