Mahindi ya Makambako

Mwezi wa pili ulipokwisha, Oktavia aliacha kukaanga maandazi. Kwa miaka sita maduka matatu ya mtaa wa Ramadhani yalikuwa yakipokea beseni lake kila asubuhi, na watu wakiyanywea chai kabla ya kwenda kwenye shughuli zao. Kisha mafuta yakapanda, ngano ikapanda, sukari ikafuata. Akapunguza ukubwa wa andazi, wateja wakamcheka: "Mama Lightness, siku hizi unatuuzia vifungo?" Akapandisha bei, wakaacha kununua. Alipoona faida ya wiki nzima hairudishi hata lita moja ya mafuta, alilisugua karai likatakata, akalitundika ukutani.

Mumewe, Rodrick, alikuwa akipakia mbao kwenye yadi moja pale Njombe mjini. Alilipwa kwa kila gari linalojaa. Mvua za Machi zilikuwa zimeharibu barabara za msituni, malori hayatoki, na siku nyingine alishinda yadini amekaa juu ya magogo, jioni akarudi mikono mitupu. Nyumbani walikuwa watano: wao wawili, binti yao Lightness wa kidato cha pili, mdogo wake Jane wa darasa la kwanza, na Bibi Emilia, mama yake Rodrick, waliyemchukua kutoka Uwemba baada ya kufiwa na mumewe.

Debe la mahindi lililokuwa elfu kumi na nne wakati wa Krismasi sasa lilikuwa elfu ishirini na tatu. Maharage yalipimwa kwa kikombe. Hata viazi, ambavyo mtu wa Njombe hakuzoea kuviwazia, vilipakiwa usiku na mchana kwenda Dar, na vilivyobaki sokoni viliuzwa kwa bei ya hukohuko Dar. Nusu eka waliyokodi ilikuwa na mahindi ya kimo cha goti. Mpaka yabebe, labda Mei.

Kwaresima ilipoanza, Bibi Emilia alisema amefunga. Kila jioni alimega tonge mbili, akafanya ishara ya msalaba, akasogeza sahani kwa Jane. "Mimi nimeshiba neema," alisema. Oktavia aliliona hilo tangu siku ya kwanza na akanyamaza. Kumkataza kungekuwa na maana kama kungekuwa na ugali mwingine wa kumpa.

Ni jirani yao Margareth aliyeleta habari ya Makambako. Shemeji yake alikuwa huko juzi, akaona kwenye maghala ya karibu na stesheni debe linauzwa elfu kumi na sita.

"Kumi na sita!" Oktavia alisema. "Una hakika?"

"Kanipigia mwenyewe. Lakini uwahi, malori yanakuja kila siku."

Siku hiyohiyo Oktavia alimuuzia mke wa mwalimu blanketi lake zito, lile alilopewa na shangazi zake alipoolewa. Njombe mtu hauzi blanketi mwezi wa tatu, baridi ndiyo kwanza inakuja, na mke wa mwalimu alilijua hilo, akampunja. Rodrick akaongezea alichokuwa nacho. Ikafika elfu sitini. Oktavia alihesabu madebe matatu na nauli, akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Makambako alifika saa mbili asubuhi, ukungu haujaondoka. Kwenye ghala la kwanza aliambiwa elfu ishirini na mbili. Kwenye la pili hivyohivyo. Msimamizi wa ghala la tatu, kijana aliyeitwa Frederick, alimwonea huruma akamweleza.

"Kumi na sita ilikuwa Jumatatu, mama. Jana wamekuja wanunuzi na malori kumi na moja. Leo unalipa ishirini na mbili, kesho sijui."

"Nimetoka Njombe kwa ajili ya hiyo kumi na sita."

"Najua. Wote mnaniambia hivyo tangu asubuhi."

Madebe mawili. Alijua yatakaa siku ngapi kwa watu watano bila hata kuhesabu. Yangeisha Aprili katikati, na baada ya hapo kungekuwa na wiki tatu za kungoja shamba bila chochote. Alitoka akasimama nje ya ghala, pesa amezishika ndani ya kanga, hajui aende wapi.

Mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua alimsogelea. Alisema ana mahindi elfu kumi na moja debe. Oktavia alimfuata mpaka nyuma ya safu ya maghala, kwenye kibanda cha mabati. Gunia lilikuwa wazi. Mahindi yalikuwa makubwa, ya kulingana, mazuri kuliko yale ya ghalani, ila kwenye ncha ya kila punje kulikuwa na wekundu kidogo, kana kwamba mtu alipaka rangi akajuta akaifuta.

"Haya ni ya mbegu," Oktavia alisema.

"Yalikuwa. Muda wake umepita, yameoshwa."

"Mbegu inapakwa dawa."

"Ndiyo maana nakuambia yameoshwa. Ukifika yaoshe tena mara tatu, yaanike. Dada, mimi siuzi mawe. Walionunua wiki iliyopita wamerudi."

Oktavia aliokota punje akainusa. Haikunuka kitu, au pua yake haikutaka kunusa. Madebe manne yangewafikisha Mei. Alitamani atokee mtu amwambie acha, lakini kibandani walikuwa wawili tu, na yule mtu alikuwa tayari amelishika debe.

Nyumbani alimwambia Rodrick kwamba bei ilikuwa nzuri. Rodrick alilipiga gunia kofi la furaha kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Umetuokoa, Mama Lightness," akasema, na Oktavia akageuka haraka kwenda kuchota maji.

Aliyaosha mahindi yote siku iliyofuata, wakati watoto wako shuleni. Maji ya kwanza yalikuwa ya pinki. Ya pili yalikuwa ya pinki iliyofifia. Ya tatu yalikuwa karibu meupe. Aliyamwaga nyuma ya choo akafukia kwa udongo ili kuku wa jirani wasinywe. Akayaanika mahindi, na yalipokauka akapeleka kibaba kimoja mashineni. Unga ulitoka mweupe kama unga wowote.

Ndani ya nyumba kulikuwa na unga wa zamani wa kutosha siku tatu. Oktavia aliamua kwamba hizo siku tatu ndizo zake. Angepika huo unga mpya mchana, ale peke yake, na kama baada ya siku tatu yuko mzima, wengine wangekula. Hakumwambia mtu. Alijua Rodrick angekataa, na akikataa wangekula nini?

Ijumaa Bibi Emilia alikwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Oktavia alipika ugali mdogo, akala bila mboga, akaketi kwenye kigoda akijisikiliza tumbo. Halikusema kitu. Jioni alicheza na Jane mpaka Lightness akamwuliza ana nini leo.

Jumamosi watoto walikwenda kuchanja kuni, Rodrick yuko yadini, Bibi amelala. Oktavia alirudishia mlango wa jiko akapika tena. Safari hii kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi, na alipoumeza ugali aliona uchungu kwenye koo, lakini akajiambia ni njaa. Alikuwa amefika katikati ya sahani mlango uliposukumwa.

Bibi Emilia alisimama pale akiwa ameshika kizingiti. Alitazama sahani, akamtazama mkwewe.

"Nilisikia harufu," alisema. "Nikadhani naota."

"Mama, rudi ukalale."

"Wewe, Oktavia?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Watoto wanalamba vidole usiku. Mwanangu anabeba mbao tumbo tupu. Na wewe unajifungia mchana unakula peke yako?"

Kwa kitambo kidogo Oktavia aliona ni afadhali aonekane mchoyo kuliko kusema alichokileta ndani ya nyumba ile.

"Nitamwambia mume wako," Bibi alisema.

"Mwambie."

"Na hicho kilichobaki kinakwenda kwa Jane." Akainama kukichukua.

"Usiguse!" Oktavia aliivuta sahani kifuani. "Mama, usiguse. Yana dawa."

Bibi Emilia alibaki ameinama. Ndipo Oktavia akamwambia yote: malori, elfu ishirini na mbili, koti la mvua, wekundu kwenye ncha za punje, maji ya pinki. Alisema haraka, macho yake yako kwenye majivu. Alipomaliza, Bibi alijishusha taratibu akaketi chini, miguu ameinyoosha mbele.

"Na kama ungekufa?"

"Mngejua yasipikwe."

Mvua ndogo ilianza kugonga bati. Bibi Emilia aliifuta mikono yake kwenye kitenge, kiganja kimoja baada ya kingine.

"Kumbe hujui kufikiri," alisema. "Kazi kama hii unaifanyaje wewe mwenye watoto, na mimi nimo humu ndani? Nina miaka sabini na mbili. Niliopaswa kuwalilia nimeshawalilia wote. Lete hapa."

"Hapana."

"Lete nimalizie."

Aliishika sahani. Oktavia alikataa kuiachia. Wakavutana, mkwe na mama mkwe, wakiwa wamepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, na Oktavia alishangaa jinsi mkono wa yule mama ulivyokuwa mwepesi, mfupa na ngozi, hata ikamtisha kuuvuta. Sahani ilipinduka. Ugali ulianguka kwenye majivu. Bibi Emilia akanyoosha mkono hukohuko majivuni, na Oktavia akamkumbatia kwa nguvu kumzuia, na hapo ndipo wote wawili walipoanza kulia.

Saa kumi jioni Oktavia alianza kutapika. Alitapika mpaka hakukuwa na cha kutoka, mwili ukimtetemeka, mate yakimjaa mdomoni. Lightness alikimbia yadini kumwita baba yake. Margareth aliita bodaboda, akakaa nyuma yake akimshikilia asianguke mpaka zahanati. Mhudumu aliuliza amekula nini. Oktavia alifumba macho. Bibi Emilia, aliyekuja kwa miguu na kufika anahema, ndiye aliyesema.

"Mahindi ya mbegu. Mchana wa jana na wa leo."

Rodrick alikuwa amesimama kando ya ukuta, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zake. Walimwekea Oktavia dripu, wakamlaza mpaka Jumatatu. Asubuhi ya kutoka, Rodrick alimfuata, na njiani ndipo alipozungumza.

"Uliniambia bei ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri."

Walitembea hatua nyingi.

"Nimechimba shimo," Rodrick alisema. "Nimeyafukia yote. Jane akaniuliza, baba unapanda?" Alisimama katikati ya njia akajifunika uso kwa mikono yake mipana, na Oktavia, aliyekuwa hana nguvu hata za kusimama vizuri, akamshika kiwiko wakangoja hivyo mpaka alipoweza kuendelea.

Nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Jana yake Margareth alikuwa amewapa bakuli moja, naye hakuwa na la pili. Jumanne Bibi Emilia alivaa viatu vya raba vya Lightness, akaenda Uwemba kwa mdogo wake Wiliam. Alirudi keshokutwa yake, amepanda nyuma ya pikapiki na magunia mawili ya viazi vidogovidogo, vile vya ukubwa wa gololi ambavyo wanunuzi huvitupa na wakulima huwapikia nguruwe. Hakuvipata bure. Yeye na Oktavia wangekwenda kumpalilia Wiliam mashamba yake yote mpaka mvua ziishe.

"Aliniuliza nguruwe wake watakula nini," Bibi alisema akivua viatu. "Nikamwambia waulize wao."

Oktavia alicheka, tumbo likamuuma.

Alipopata nguvu kidogo alikwenda mashineni, mahali wanawake wanapopanga foleni na ndoo zao, akawaeleza. Hakuficha kitu. Alitaja maghala, kibanda cha mabati, mtu mwenye koti la mvua, wekundu wa kwenye ncha. Akawaambia wakiyaona wayakimbie. Wanawake walisikitika, wakamwambia pole, mmoja akasema mtu yule anapaswa kufungwa.

Alikuwa amefika kwenye kona ya barabara aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Ida, aliyeuza mboga za majani karibu na stendi, mtoto mgongoni, ndoo ya mkononi ikiwa na mahindi yasiyofunika hata kitako.

"Kamwene, dada."

"Kamwene."

Ida alitazama nyuma, akashusha sauti. "Hilo debe, umesema elfu kumi na moja?"

"Ida, nimewaambia yana sumu."

"Nimesikia. Mimi nauliza tu." Alimsogeza mtoto juu mgongoni, akakaza kanga. "Ulikula siku ngapi kabla hujaanza kuumwa?"

Oktavia alimtazama. Hapakuwa na ujinga kwenye uso wa yule mwanamke, wala wazimu. Alikuwa anapiga hesabu, ileile ambayo Oktavia aliipiga nje ya ghala siku ile.

"Siku mbili," alisema. Ida akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayepokea chenji, akageuka kuondoka.

Oktavia akamshika mkono wa sweta.

"Kibanda hicho huendi. Twende kwangu."

"Kwako kuna nini?"

"Viazi vya nguruwe. Vidogo, vinachosha kumenya. Sisi tunavipika na maganda yake."

Ida alisitasita. Mtoto mgongoni aliamka akaanza kulia, kilio chembamba kisicho na nguvu. Oktavia aliipokea ile ndoo, akatangulia kushuka njia ya kwao, huku akihesabu kimoyomoyo vilivyobaki kwenye gunia la kwanza, na atamwambiaje Bibi.