Chai Kabla ya Maombi

"Hamsini na sita," Daktari Nzomo alisoma kwenye kompyuta. "Huo ndio wastani wa nyumba arobaini. Hiyo si chai ya kuunguza koo la mtu, Mwalimu. Hilo swali tunalitoa."

Mwalimu Mukai hakuketi. Alisimama mbele ya meza ya maabara, begi begani, vumbi la Mitaboni bado viatuni. Likizo yote ya Agosti, yeye na mwanafunzi wake Ndanu, wa kidato cha tatu, walikuwa wamepanda na kushuka vilima na kipimajoto, wakijifunza kuchunguza saratani chini ya ulezi wa daktari huyu. Kila mwalimu na mwanafunzi wake walichagua swali moja. Lao lilikuwa hili: je, watu wa Mitaboni hunywa chai iliyozidi digrii sitini na tano, joto linaloogopwa kwamba huweza kuleta saratani ya umio? Mukai alilichagua kwa sababu ya mama yake, aliyekufa akiwa hawezi kumeza hata mate. Ijumaa maswali yangechujwa, na lililotolewa halirudi.

"Haiwezekani," alisema.

"Namba ndizo hizo. Si wewe ulitufundisha tusibishane na kipimo?"

Kweli alimfundisha. Miaka kumi na mitano iliyopita, Nzomo huyu alivunja vipimajoto viwili vya shule kwa muhula mmoja.

"Niliwafundisha pia muulize kimepima nini," Mukai akajibu. "Siku hiyo ulikuwa umelala."

Daktari alicheka, lakini hakuondoa mkono kwenye kompyuta. "Mwalimu, leo ni Jumatano. Kubali tu, tutakupea swali lingine."

"Sitaki lingine. Na hilo usiliguse mpaka nirudi."

Alitoka bila kuaga, na mtu aliyezaliwa Ukambani akiondoka bila kuaga, ujue ameudhika kwelikweli.

Ndanu alikuwa nje kwenye benchi, daftari magotini. Mukai alimnyang'anya, akapitisha macho kwenye safu ya saa, maana aliwazoesha wanafunzi wake kuandika saa ya kila kitu.

"Hapa kwa Mama Kaluki. Tulimiminiwa saa nne na dakika tano, tukapima saa nne na kumi na saba. Dakika kumi na mbili tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulikuwa tunaomba, Mwalimu."

Mukai alijipiga paji la uso. Nani atagusa kikombe cha watu kabla chai haijaombewa? Na mgeni akiwa mwalimu, ndiye anayepewa maombi, naye huombea shule, mvua, wagonjwa kwa majina yao na watoto walio Nairobi. Nyumba arobaini! Aliona aibu, kisha akajikasirikia, na hasira ile ikampa nguvu. Walikuwa wamepima chai ya mgeni. Chai ya mwenyeji ilikuwa imenyweka zamani, kulekule jikoni.

Alhamisi asubuhi hawakupitia sebuleni. Mukai aliinama akaingia jikoni kwa Mama Kaluki, akavuta kigoda karibu na mafiga.

"Mwalimu, huku kuna moshi! Enda ukae kwa viti."

"Leo mimi si mgeni, mwaitu, mama yangu. Nimiminie kama unavyojimiminia."

Mama Kaluki aliguna, akaipua sufuria, akamimina vikombe viwili. Cha kwake kilifika mdomoni kabla hajaketi. Mukai alitumbukiza kipimajoto katika chake.

"Wewe! Hata hujaomba!"

"Mungu angoje kidogo."

"Ati angoje?" Mama Kaluki alimkazia macho. "Na hicho kitu ni cha nini? Umeona nimekupikia sumu?"

"Sabini na nane," Mukai alisema, na Ndanu akaandika.

Alimpigia Nzomo simu palepale, akamweleza yote. Daktari akajibu: "Nyumba moja haitoshi, Mwalimu."

"Najua. Zimebaki thelathini na tisa. Kesho ukilifuta swali langu, utalifuta nikiwa nimesimama mbele yako."

Alipokata simu, alimkuta Mama Kaluki amekishika kikombe chake kwa mikono miwili, hanywi.

"Ni hii chai?" mama aliuliza polepole. "Mzee wangu alikuwa anakunywa mbele yangu. Alikuwa anasema chai yenye haichomi haijaiva. Mwisho hata uji ulikuwa unarudi kwa pua. Ni hii?"

"Bado sijui, mwaitu. Hilo ndilo wanataka niache kuuliza."

Moto ulipasua kuni. Mama Kaluki aliweka kikombe chini, kando ya kile cha Mukai.

"Hiyo yako inangoja nini?"

"Ishuke. Ifike sitini hivi."

"Inachukua muda?"

"Kama ule wa siku ile tuliomba."

Mama Kaluki alichomoa kipimajoto katika kikombe cha Mukai, akakipangusa kwa leso yake, akakitia katika kikombe chake mwenyewe. Kisha akafumba macho.

"Basi omba sasa," alisema. "Na usifupishe."